In the Court of the Crimson King: uzoefu wangu na albamu ya kwanza ya King Crimson

Albamu hii ya King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza, ina nyimbo tano tu, na zote kwa pamoja zinachukua kama dakika 44. Ilitoka Uingereza tarehe 10 Oktoba 1969 chini ya Island Records, na walioipiga walikuwa vijana ambao mwanzoni mwa mwaka huohuo ndiyo kwanza walikuwa wanaanza mazoezi. Nimeisikiliza kwa miaka mingi, kwenye santuri, kwenye sidii na kwenye programu za muziki za simu, na mtu akiniuliza aanzie wapi roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu inayochanganya jazi na muziki wa okestra, namwelekeza hapa. Ila huwa namwomba jambo moja: asiisikilize kama albamu ya mpiga gitaa Robert Fripp.

Nasema hivyo kwa sababu Fripp ndiye aliyebaki. King Crimson imebadilisha wanamuziki mara nyingi mno, na mpiga gitaa huyu anayepiga akiwa ameketi ndiye pekee aliyekuwemo katika kila awamu. Kwa hiyo wengi huingia kwenye albamu hii wakisubiri gitaa. Gitaa lipo, na ni zuri sana. Lakini ukitega sikio utaona kwamba sehemu kubwa ya kinachokushika inatoka kwa Ian McDonald, aliyepiga filimbi, saksafoni, klarineti, vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa) na vinanda karibu vyote. Nyimbo mbili kati ya tano, "I Talk to the Wind" na ule unaobeba jina la albamu, zimeandikwa na yeye pamoja na Peter Sinfield, mtunzi wa mashairi. Fripp hayumo kabisa kwenye orodha ya watunzi wa nyimbo hizo mbili. Ukishalijua hilo, masikio yako yanaanza kwenda kwingine, na albamu inafunguka.

Wimbo wa kwanza, "21st Century Schizoid Man", unaanza kwa sauti hafifu sana, kama pumzi ya mashine iliyo mbali. Nakuonya mapema: usiongeze sauti wakati huo. Sekunde chache baadaye gitaa, besi na saksafoni vinalipuka kwa pamoja, na anayesikiliza kwa hedifoni anaweza kuumia masikio. Sauti ya mwimbaji Greg Lake imekwaruzwa makusudi hadi inasikika kana kwamba inapita kwenye kipaza sauti kibovu, na maneno ya Sinfield yanataja moto wa napalm na wanasiasa. Ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam, na haikuhitaji kufafanuliwa. Katika ziara yao ya Marekani mwishoni mwa mwaka huo, Fripp aliutoa wimbo huu jukwaani kwa heshima ya kebehi kwa Spiro Agnew, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani.

Kinachonirudisha kwenye wimbo huu, hata hivyo, si hasira yake. Ni ile sehemu ya katikati, iliyopewa jina lake yenyewe, "Mirrors", pale mwendo unapokimbia na nyimbo za jazi zinapoingia ndani ya roki bila kuomba ruhusa. Inafika mahali gitaa na saksafoni zinapiga noti zilezile kwa kasi, kisha zote zinanyamaza. Kimya. Zinarudi, zinanyamaza tena. Hakuna hata mmoja anayechelewa kuingia wala kuwahi kutoka. Nimesikia bendi nyingi za roki zenye ufundi mkubwa zaidi wa vidole kuliko hawa, lakini ni chache zinazojua kunyamaza pamoja namna hii. Hapo ndipo utamjua Michael Giles. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwao kwa umri, na anapiga dramu kama mtu anayezungumza: hakurudii jambo mara mbili kwa namna ileile, na bado humpotezi.

"I Talk to the Wind" unafuata papo hapo, na mabadiliko ni makubwa kiasi kwamba unaweza kudhani umebadilisha albamu. Ni wimbo mpole wa filimbi mbili tatu na sauti laini. Watu huupita haraka. Mimi naona ndio unaoipa pande nyingine uzito wake, na filimbi ya mwisho ya McDonald ni miongoni mwa dakika nzuri kuliko zote katika kazi hii.

Kisha "Epitaph". Hapa naomba nikae kidogo, maana huu ndio wimbo ulionifanya niipende albamu.

Ili kuuelewa inafaa ujue chombo kinachoitwa Mellotron. Ni kinanda, lakini hakizalishi sauti chenyewe. Chini ya kila kibonye kuna utepe wa sumaku uliorekodiwa chombo halisi, fidla au filimbi kwa mfano, kikipiga noti moja. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye kichwa cha kusomea na unasikia zile fidla. Utepe ni mfupi. Baada ya sekunde nane hivi unaisha, na mpigaji lazima aachie kibonye ili urudi mwanzo. Tena mota ikiyumba, noti nazo zinayumba. Wengine waliona hizo ni kasoro. Katika "Epitaph" ndizo zinazoufanya wimbo uwe na uhai wake: unasikia okestra kubwa, lakini okestra yenyewe inatetemeka, kama inakaribia kuvunjika. Mashairi yanazungumzia dunia ambayo hatima yake imeachwa mikononi mwa wasiofaa kukabidhiwa. Sijui chombo kingine ambacho kingeyabeba maneno hayo vizuri zaidi. Okestra ya kweli ingekuwa imara mno.

Juu ya yote hayo anaimba Greg Lake, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Yeye alikuwa mpiga gitaa. Alihamia kwenye besi kwa sababu bendi ilikwisha kuwa na Fripp, rafiki yake wa tangu ujana kule kusini mwa Uingereza, na wote wawili walifundishwa gitaa na mwalimu mmoja. Sikiliza anavyolishika neno hadi mwisho wake bila kulikaza. Hapigi kelele hata pale muziki unapopanda. Ukija kumsikia kwenye bendi yake ya baadaye, Emerson, Lake & Palmer utakuta sauti ileile ikiwa na majivuno zaidi, na kwa maoni yangu haikuwahi kurudi kwenye unyenyekevu huu.

Upande wa pili wa santuri una nyimbo mbili tu, na ndipo wasikilizaji wanapogawanyika. "Moonchild" inaanza kwa dakika mbili na ushei za wimbo mtamu, halafu wimbo unaisha na kinachobaki ni gitaa, vibrafoni na matoazi vikijibizana kwa sauti ya chini, bila mdundo wa kufuata, kwa karibu dakika kumi. Hakuna kilichoandikwa. Wanajitungia palepale. Rafiki zangu wengi wanaruka sehemu hii, na wapo wanaosema ni kijalizo cha kujaza santuri. Siwezi kusema hawana hoja kabisa. Kuna dakika mbili au tatu mle ambazo hazifiki popote.

Lakini nasimama upande wa "Moonchild", na sababu yangu ni wimbo unaofuata. Ukivumilia ule utulivu wote, masikio yako yanazoea udogo: mguso wa toazi, noti moja ya vibrafoni inayofifia. Unaanza kusikia chumba chenyewe. Halafu dramu za Giles zinaingia na Mellotron ya "The Court of the Crimson King" inafunguka kwa ukubwa wake wote, na mwili unashtuka. Nimejaribu kuucheza wimbo huu wa mwisho peke yake na nimeucheza baada ya "Moonchild" nzima. Si wimbo mmoja. Ukiucheza peke yake ni wimbo mzuri wenye kiitikio kikubwa cha sauti za pamoja. Ukiusubiri kwa dakika zile kumi, unatisha.

Na hapo tena ndipo yanapoonekana matunda ya kuachiana nafasi. Kati ya kiitikio na kiitikio, bendi inajiondoa karibu yote ili filimbi ya McDonald ipite. Giles anapunguza hadi anakuwa kama anagusa tu. Kisha wimbo unaisha, au unadhani umeisha, na kinatokea kijisauti cha kinanda chembamba kama cha maonyesho ya watoto, kabla ya mkupuo wa mwisho unaokatwa ghafla. Usizime mapema.

Kuhusu jalada, ni vigumu kulisahau: uso mwekundu wenye mdomo wazi na tundu za pua zilizotanuka, bila jina la bendi wala la albamu mbele. Alilichora Barry Godber, kijana aliyekuwa mtayarishaji wa programu za kompyuta, na alifariki Februari 1970 akiwa na miaka 24, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Ukilifungua jalada la santuri utamkuta ndani mwingine anayetabasamu. Fripp aliwahi kueleza kwamba ukifunika tabasamu lile, macho yanabaki na huzuni kubwa. Nimelijaribu kwa kiganja changu na ni kweli. Kama unaweza kupata santuri badala ya sidii, pata santuri hata kwa ajili ya jalada hili tu.

Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba walijisimamia wenyewe. Walianza na prodyuza Tony Clarke, aliyekuwa akifanya kazi na bendi ya The Moody Blues, lakini hawakuridhika na kilichokuwa kinatoka, wakaamua kuendelea bila prodyuza katika studio ya Wessex, London, mwezi Julai na Agosti 1969. Ni albamu yao ya kwanza! Walikuwa wametoka tu kupiga Hyde Park tarehe 5 Julai, kwenye tamasha la bure la Rolling Stones, mbele ya umati mkubwa ajabu, na pengine hapo ndipo walipopata ujasiri. Matokeo yalipanda hadi nafasi ya 5 kwenye chati ya Uingereza na nafasi ya 28 Marekani, na Pete Townshend wa The Who akaisifu hadharani.

Halafu bendi ikavunjika. Desemba 1969, ziara ya Marekani ikiwa inaisha, McDonald na Giles walitangaza kuondoka. Fripp alijitolea aondoke yeye ili wao wabaki na bendi, wakakataa. Lake naye akaondoka mwaka uliofuata. Albamu ya pili, In the Wake of Poseidon ya 1970, inafuata ramani ileile karibu wimbo kwa wimbo, na Lake na Giles wamo kwa kuazimwa tu. Ina mambo mazuri, lakini linganisha nyimbo zake tulivu na "I Talk to the Wind" na utasikia ni nani hayupo. Fripp aliendelea kutengeneza kazi kubwa na watu wengine, hasa miaka ya 1973 na 1974, ila ilikuwa bendi nyingine yenye jina lilelile.

Sasa, ununue toleo lipi? Yapo mengi na yanachanganya. Mwaka 2009, kwa kutimiza miaka 40, mwanamuziki na fundi wa sauti Steven Wilson alirudi pamoja na Fripp kwenye kanda za studio na kuchanganya sauti upya, na mwaka 2019 Wilson akafanya tena kwa miaka 50. Kazi ya Wilson ni safi. Besi ya Lake inasikika noti kwa noti, na zile filimbi zilizorundikana sasa zinatengana. Anayesikiliza kwa spika nzuri atafurahi. Lakini katika mchanganyo wa 2009 "Moonchild" imepunguzwa kwa dakika kadhaa, na kwa niliyoyasema hapo juu utaelewa kwa nini silipendekezi liwe toleo lako la kwanza. Kwa anayeanza nashauri mchanganyo wa asili wa 1969, uliosafishwa tu. Una ukungu kidogo, hasa kwenye Mellotron, na ukungu ule unaisaidia "Epitaph". Baada ya kuizoea, nenda kwa toleo la 2019 usikie kilichokuwa kimejificha.

Spika ya simu haitoshi. Robo ya albamu hii ni sauti za chini sana, na spika ndogo inazimeza. Tumia hedifoni au spika za kawaida, zima mpangilio wa kubahatisha nyimbo, na uipe dakika zake 44 bila kukatiza, angalau upande mmoja kwa wakati. Kama huna subira ya muziki usio na mdundo, anza na upande wa kwanza peke yake. Ni nyimbo tatu, na kama "Epitaph" haikukugusa, upande wa pili hautakubadilisha. Ikikugusa, geuza santuri.