Rufus: programu ya kujaribu kwanza kompyuta inapokataa kuwaka kwa flashi

Kompyuta mpakato ya mdogo wangu, anayesomea uhasibu hapa Morogoro, iligoma kuwaka siku nane kabla ya tarehe ya kukabidhi ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Nembo ilitokea, vinukta vikazunguka kidogo, kioo kikawa cheusi, kisha nembo ikarudi tena. Fundi wa kwanza alichomeka flashi yake ya kupigia Windows, akaona mashine haiitambui, akamwambia: "Dada, matundu ya USB yamekufa, hapa ni kubadilisha bodi." Bei aliyotaja ilikaribia ile ya kununua kompyuta nyingine iliyotumika. Ninaandika tathmini hii ya Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta, kwa sababu matundu yale hayakuwa na ubovu wowote, na ninaamini wapo wengi wanaolipia bodi ilhali tatizo liko ndani ya flashi.

Kabla ya kuisifu programu, niseme nilivyoanza. Nilichomeka kipanya kwenye tundu lilelile nikiwa ndani ya mipangilio ya kuwashia kompyuta, ambayo wengi bado huiita BIOS. Taa yake nyekundu ikawaka na mshale ukafuata mkono. Flashi ya fundi, ambayo alituazima bila kinyongo, ilifunguka vizuri kwenye kompyuta yangu. Lakini nilipobonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia, ambacho kwa kompyuta nyingi za Dell na Lenovo ni F12 na kwa HP ni Esc kisha F9, orodha ilionyesha mstari mmoja tu wa Windows Boot Manager, yaani Windows iliyo kwenye diski ya ndani, na kijitaa cha flashi kikapepesa mara mbili kikazima. Mashine iliiona flashi, ila haikukuta ndani yake kitu inachojua kukiwasha.

Kompyuta za zamani ziliwaka kwa BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye bodi, ambayo husoma sehemu ya mwanzo kabisa ya diski na kuendesha inachokikuta humo. Za sasa huwaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, ambayo hutafuta faili maalumu ndani ya kizigeu (sehemu iliyotengwa ya diski) cha FAT, mojawapo ya mifumo ya kupanga faili. Kwa miaka mingi watengenezaji waliweka pia daraja la kuziwezesha kompyuta mpya kuwaka kwa njia ya kale, lakini Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba ingeliondoa ifikapo 2020, na leo kompyuta nyingi hazina daraja hilo kabisa. Flashi ya fundi ilikuwa imeandaliwa kwa njia ya kale, tena kwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, na bila shaka imemfaa kwa miaka kwenye mashine za rika lake.

Hapo ndipo Rufus inapostahili sifa. Ni programu ya bure ya Pete Batard, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2011, yenye ukubwa wa takribani MB 2, kwa hiyo hata mwenye bando dogo anaipakua, na haihitaji kusakinishwa. Dirisha lake ni moja. Unachagua flashi, unachagua faili la ISO, yaani nakala nzima ya Windows au mfumo mwingine, kisha unafika kwenye kisanduku ambacho kwangu ndicho kiini cha programu nzima: mpangilio wa diski, MBR, ambao ni wa kale, au GPT, ambao ni wa kisasa. Nilipoweka GPT, kisanduku cha jirani kilijibadilisha chenyewe na kusema kwamba flashi hii ni ya UEFI. Programu nyingine hukufanyia uamuzi huo kimyakimya. Rufus inauweka mbele ya macho yako, na mtu akiuelewa mara moja hatababaishwa tena na flashi isiyotokea kwenye menyu.

Kuna jambo la pili inalolifanya kwa ustadi. FAT32, aina ya FAT inayotumika sana kwenye flashi, haiwezi kubeba faili linalofikia GB 4, na faili kuu la Windows siku hizi mara nyingi linavuka hapo. Rufus huiandaa flashi kwa NTFS, kisha huongeza mwishoni kizigeu kidogo mno cha FAT chenye kiwashio kinachoifundisha UEFI kusoma NTFS. Anayenakili faili za Windows kwenye flashi kwa mkono hukwama hapahapa.

Ipo pia sehemu ya kukagua ubovu, ambayo hufichua flashi bandia. Yangu ya kwanza, iliyoandikwa GB 64 na kununuliwa kwa bei ya kutupa, ilifeli ukaguzi huo. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, lakini iliniepusha na usakinishaji ambao ungekatika katikati.

Kasoro zipo. Rufus inaendeshwa ndani ya Windows tu, kwa hiyo mwenye kompyuta moja iliyokufa lazima aazime ya jirani. Inafuta kila kilichomo kwenye flashi, ingawa inaonya kwanza. Na haimwelezi mgeni MBR na GPT zinatofautianaje, jambo ambalo kwa programu nzuri namna hii linanisikitisha. Anayetaka kubeba mifumo mingi kwenye flashi moja atafaidika zaidi na programu ya Ventoy.

Usikimbilie pia kuzima Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaozuia viwashio visivyoidhinishwa, kama wanavyoshauri wengi. Kompyuta nyingi za Windows 11 zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, na badiliko hilo linaweza kuifanya idai ufunguo wenye tarakimu 48. Utafute na uuandike kwanza. Ya mdogo wangu haikufungwa. Flashi ya Windows ilipotokea kwenye menyu kwa mara ya kwanza, ikitanguliwa na neno UEFI, hatukuigusa bado: niliandaa nyingine ya Linux Mint, mfumo unaoweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa Rufus ileile, tukawasha kwayo bila kuzima chochote, tukaifungua diski, na folda ya ripoti ilikuwamo pamoja na majedwali yote. Tuliinakili mara mbili, ndipo tukapiga Windows upya.