Thriller ya miaka 25 au ya miaka 40: uchukue ipi?

Nyimbo tisa za Thriller, albamu ya Michael Jackson ya mwaka 1982, zimo kwenye matoleo yote mawili ya kumbukumbu, la miaka 25 (2008) na la miaka 40 (2022), kwa hiyo ubishi uko kwenye nyongeza.

Toleo la 2008 lilitoka Michael Jackson akiwa hai, na lilijaa rimiksi, yaani nyimbo zilizotengenezwa upya, pamoja na wageni: Akon, Kanye West, Fergie, na will.i.am aliyeshika nyimbo mbili. Kusema kweli, rimiksi hizo zimezeeka haraka kuliko nyimbo zenyewe. Kinacholiokoa ni DVD, maana ina onyesho la Billie Jean kwenye sherehe ya kampuni ya muziki ya Motown mwaka 1983, pale alipoteleza kinyumenyume mbele ya umati. Mwenye watoto wanaopenda kucheza hana haja ya kusoma zaidi.

Lile la 2022 halina video. Diski yake ya pili ni majaribio ya studio, na hapo ndipo mimi hupotea kwa raha. Sikiliza Starlight: ndio wimbo wa Thriller wenyewe kabla mtunzi wake, Rod Temperton, hajaubadilisha maneno. Hakuna mazimwi wala makaburi, ni mapenzi tu chini ya nyota.

Kwa usikivu, la 2008 limepandishwa sauti mno. Ukivaa spika za masikioni kwa muda mrefu, linachosha. Kwenye gari hutaona tofauti.

Utayapata wapi? Ukisikiliza kwa intaneti, nyimbo za yote mawili zipo, ila DVD itabidi uitafute mitumbani. Anayetaka kujua wimbo hupikwaje achukue la 2022. Mwenye sherehe Jumamosi, la 2008.