Kijitabu cha majina ya Kiebrania cha buku tano: nunua, ila uwe na Biblia pembeni

Wadau mliokuwa mnaulizia kile kijitabu chembamba cha maana ya majina ya Kiebrania kinachouzwa kwenye meza za vitabu vya dini kule Mwanjelwa, Mbeya, chenye kava la bluu, jibu langu ni nunueni lakini msikiamini chote. Mi nilikichukua maana wifi yangu anakaribia kujifungua na ukoo mzima umeshaanza kugombania jina, nikaona bora tubishane tukiwa na karatasi mkononi.

Kurasa za mwanzo ziko vizuri sana, sibanii sifa. Zinaeleza kwamba jina la Kiebrania mara nyingi ni sentensi nzima na Mungu kakaa humo ndani, ama kama "eli" ambayo ni Mungu tu, ama kama "ya" mwishoni au "Yo" mwanzoni, ambayo ni kifupi cha jina lake mwenyewe, Yahweh. Ukishika hapo majina mengi yanajifungua yenyewe. Yoeli ni Yahweh ni Mungu, ligeuze unapata Eliya, Mungu wangu ni Yahweh. Hezekia na Ezekieli kitenzi ni kilekile cha kutia nguvu, kilichobadilika ni sehemu ya Mungu tu. Na Lazaro, ambaye sikuwahi hata kumfikiria, kumbe ni Eleazari aliyepita kwenye midomo ya Wagiriki, yani Mungu amesaidia.

Kwa watu wa huku hilo wala halina ugeni. Mama mkwe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nilipomsomea Natani, "ametoa", hakuuliza nani katoa wala katoa nini, akasema tu "huyo si Atupele". Na ndo hivyo, Atupele kwa Kinyakyusa ni ametupa, mtoaji hatajwi lakini Rungwe nzima inamjua, Waebrania wakitaka kumtaja ndo wanasema Natanieli au Yonathani. Alafu mama akanogewa, jina la Hana akalifananisha na Ipyana maana yote mawili ni neema, Daudi mpendwa akamsogezea Lugano, yani upendo, na Isaka, ambaye jina lake ni kucheka kwa vile Abrahamu na Sara kila mmoja alicheka aliposikia watapata mtoto uzeeni, akasema "Lusekelo", yani furaha. Hapo buku tano yangu ikawa imerudi.

Sasa tuje kwenye matatizo. Mwandishi anataka kila jina liwe tamu. Yabesi kaandikiwa "aliyebarikiwa", jamani, fungueni 1 Nyakati 4:9, mama mtu anasema waziwazi alimzaa kwa huzuni ndo maana akamwita hivyo, na ile dua yake inayoombwa sana makanisani inaishia kwa kuomba huzuni isimpate, yani jamaa anapambana na jina lake mwenyewe, sasa ukishaandika aliyebarikiwa umeua stori yote. Jina la Mara limewekewa "mwanamke mvumilivu", wakati Naomi alijiita Mara kwa uchungu baada ya kufiwa na mume na watoto wake wawili. Kalebu kawa "mwaminifu", lakini jina lenyewe linafanana sana na neno la Kiebrania la mbwa, na wala lisiwashtue, wale watu kumpa mtoto jina la mnyama hawakuona shida, Debora ni nyuki, Yona ni njiwa, Rakeli ni kondoo jike. Hao watatu kijitabu kimewaacha kama walivyo, mbwa peke yake ndo kaonewa.

Kilichoniudhi zaidi ni kuchanganya lugha. Shadraka, Meshaki na Abednego wamepangwa kwenye orodha ya Kiebrania wakati Danieli 1:7 inasema ni majina waliyopewa Babeli, ya kwao yalikuwa Hanania, Mishaeli na Azaria, na yaangalie vizuri, yote matatu yana Mungu wa Israeli ndani. Abednego wataalamu wengi wanaona ni mtumishi wa Nebo, mungu wa Wababeli, sasa mtu anamwita mwanae hivyo akidhani ni Kiebrania safi kwa sababu kitabu kimemwambia. Filipo naye yumo, Kigiriki kabisa kile, mpenda farasi. Martha na Tabitha ni Kiaramu. Kwa Musa wameandika "aliyetolewa majini" na wakaishia hapo, sawa, Kutoka 2:10 inasema hivyo, ila aliyempa jina ni binti Farao, na wasomi wengi wanaliona ni jina la Kimisri, sawa na ule mwisho wa jina la farao Thutmose, maana yake ni kama mtoto au kuzaliwa. Mistari miwili tu ingetosha kulieleza hilo, na nafasi ilikuwepo maana kuna kurasa nzima za matangazo ya vitabu vingine.

Uchapaji ni wa hivihivi, herufi ndogo, na kurasa za N mpaka R zilinitoka mkononi kwenye daladala kabla sijafika Uyole.

Kwa kutafuta jina la mtoto kinafaa, mradi kila jina mlilolipenda mlifungulie mstari wake kwanza. Walimu wa sande skuli msikitumie peke yake. Na muuzaji ataanzia elfu saba, komaeni kwenye tano, kagueni gundi kabla hamjatoa hela.