Utambuzi: hisi kwanza au ujuzi kwanza?
Wanafunzi wa saikolojia hapa Nairobi hubishana sana: tunatambua vitu kwa taarifa zinazoletwa na hisi, alivyoshikilia mwanasaikolojia James Gibson, au akili hukisia kwa ujuzi wake, alivyosema mwenzake Richard Gregory?

Kwa kasi, ujuzi unashinda. Jioni ya mvua katikati ya mji, unaona "4" tu kwenye kioo cha matatu, na tayari akilini ni matatu namba 45 ya kwenda mtaa wa Githurai. Tatizo ni uhakika: huenda ni 44. Hisi huchelewa na hutaka mwanga, lakini ndizo zinazokusahihisha.

Kwa hiyo, ukituma pesa kwa M-Pesa, tegemea hisi: soma namba tarakimu moja moja. Ukiongea na mtu katika kelele za soko la Gikomba, acha ujuzi ujaze maneno yaliyomezwa.