Kukagua viungo vya mabomba: eksirei au iridiamu-192?

Mashine ya eksirei ni nzito na inahitaji umeme, lakini ukiizima, mionzi inakoma papo hapo. Picha zake pia huonyesha nyufa vizuri zaidi. Iridiamu-192, metali inayotoa mionzi yenyewe, haihitaji umeme na inafika hata penye nafasi finyu, ndiyo maana mafundi wengi huipenda. Ila haizimiki, nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 74 hivi. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota chanzo cha iridiamu, yaani kipande chake kinachotoa mionzi, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Mionzi ilimdhuru hadi akakatwa mguu. Kidude kidogo tu, hakina harufu wala sauti!

Penye umeme, nachagua eksirei. Pasipo umeme, natumia iridiamu, ila chanzo kikirudishwa kwenye kasha lake, hakikisha kwa kipima mionzi kwamba kweli kimo ndani, kila mara.