Kwa Gari Lako: Ujiji au Kwihara?
Anayeendesha gari lake mwenyewe na mwenye siku moja tu atalazimika kuchagua kati ya Ujiji, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, na Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Ujiji ndiko mwandishi wa habari Stanley alikomkuta mvumbuzi na mmisionari Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe ambao miembe ya sasa husemekana kuwa vizazi vyake, na ukiteremka ufukweni utakuta mitumbwi na dagaa walioanikwa, ambao harufu yao huingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Kwihara ina tembe yenye paa bapa, ambamo Livingstone alisubiri wapagazi mwaka 1872. Kuko kimya mno. Mimi ningechagua Ujiji, ingawa kwa jengo lenyewe Kwihara inashinda.