SGR Dar hadi Dodoma: Kaa Dirishani, na Usije Kwa Siku Moja

Mbukwenyi! Hapa Ugogoni ndivyo tunavyosalimiana. Karibuni tena, leo nachambua safari ya treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam mpaka hapa kwetu Dodoma. Nimeshaipanda mara nne, kwa hiyo siongei ya kusikia.

Kwanza muda. Treni hii ilianza kuleta abiria Dodoma Julai 2024. Inatumia umeme na inafika kilomita 160 kwa saa. Zamani ukitoka Ubungo na basi la alfajiri, unaingia hapa alasiri miguu imevimba. Sasa safari ni kama saa tatu na nusu mpaka nne, inategemea umepanda ipi. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Kitambulisho ulichokatia tiketi usikiache nyumbani, na uwahi stesheni, maana mizigo yote inakaguliwa.

Sasa nisikilizeni hapa. Pandeni ya mchana. Ukifika Kilosa, simu weka mfukoni. Reli inaingia milimani, kuna mahandaki manne. Giza linakuja ghafla, watoto behewa zima wanapiga kelele, halafu mwanga huo, na bonde liko chini yako. Bonde hilo la mto Mkondoa limeitesa mno reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Mvua zikizidi, kati ya Kilosa na Gulwe tuta linasombwa, treni zinakwama. Babu yangu alilala Gulwe siku mbili akisubiri njia itengenezwe, akila mahindi ya kuchoma tu. Kila nikipita pale namkumbuka.

Baada ya Gulwe kijani kinakatika. Unaanza kuona mibuyu, vumbi na ng'ombe. Umefika Ugogo.

Kasoro ipo: stesheni mpya iko mbali na katikati ya mji. Patana bei na dereva wa bajaji kabla hujakaa. Mimi sikuuliza, nikalipa mara mbili ya wenzangu.

Mjini anzia stesheni ya zamani, kwa sababu mji wenyewe ulizaliwa na reli, mwaka 1907. Jina ni la zamani zaidi: wazee wanasimulia tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Ukitoka hapo, tembea mpaka Nyerere Square, kisha uone msikiti wa Gaddafi. Zabibu nunua kwa kina mama. Chagua kichala ambacho bado kina ule ungaunga mweupe juu ya punje na kikonyo kibichi; hicho kimekatwa karibuni. Usiogope kuonja, mama mwenyewe atakuambia, "Onja kwanza mwanangu."

Ila kama una siku ya pili, nakusihi nenda Kondoa. Panda basi la asubuhi, ushukie Kolo, uchukue mwongozaji pale ofisini. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150. Kupanda kule ni jasho, vaa viatu vya kufunga. Halafu unasimama mbele ya jiwe, karibu kabisa, na unaona watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na twiga. Mimi nilikaa chini pale, sikutaka kuondoka. Kwa hiyo tiketi ya kurudi Dar, kata ya siku ya tatu.